Samaki wa Mapambo Milimani (2): Taa Inapopepesa, Kagua Umeme Wote

Katika sehemu ya kwanza tulieleza habari za maji: jinsi samaki waliozoea joto la nyuzi 24 hadi 27 wanavyotaabika Lushoto, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, hasa kuanzia Juni hadi Agosti. Leo tunaingia kwenye umeme, na tutaanzia kwenye taa, kwa sababu taa ndiyo kifaa pekee cha tangi kinachougua hadharani. Hita ikipungukiwa nguvu, hakuna anayeiona. Pampu ya hewa ikizubaa, utashtukia samaki wamepanda juu wakitafuta pumzi. Taa hupepesa, na mwenye tangi hukimbilia dukani kununua nyingine. Ninavyoamini, mara nyingi hubadilisha kitu ambacho hakikuwa kibovu.

Swali la kwanza ni hili: inapepesa saa ngapi? Umeme unatakiwa uingie nyumbani ukiwa na volti 230. Mitambo ya Hale na New Pangani Falls iko huko huko Mto Pangani, chini ya milima yetu. Lakini ukaribu wa mtambo haumsaidii aliyejenga mwisho wa laini ndefu, huku kati yake na transfoma kuna mashine ya kusaga, mchomelea vyuma na nyumba nyingi za watu. Waya wenyewe hula volti, na hula zaidi kadiri umeme mwingi unavyopita ndani yake. Ndiyo maana kuanzia saa moja jioni, watu wanapowasha taa, pasi na majiko, wa mwisho kwenye laini hubaki na umeme mdogo. Taa inayosumbua jioni na kutulia usiku wa manane haina kosa.

Tyubu yenye choki na stata ndiyo huumia zaidi. Umeme ukiwa mdogo, ncha zake mbili huwa nyekundu, stata hugonga mfululizo, lakini tyubu haishiki. Kila jaribio linakula ncha zile, hadi zinakuwa nyeusi na tyubu inakufa kweli. Ukiweka mpya, nayo itafuata njia hiyo hiyo. Taa za LED zenye adapta huvumilia zaidi: nyingi zimeandikwa kuwa zinafanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240. Soma kibandiko kabla ya kulipa. Kwa nyumba za milimani, mimi nashauri hizo.

Hata hivyo, ukishaweka LED usidhani umemaliza, kwa kuwa umenyamazisha shahidi tu. Hita iliyomo majini inaendelea kupata umeme ule ule mdogo, na nguvu yake hushuka haraka kuliko volti zenyewe. Hita ya wati 100 iliyotengenezwa kwa volti 230, ikipewa volti 180, hutoa takriban wati 61. Volti zimepungua kwa kiasi cha moja ya tano, joto limepungua kwa karibu mbili ya tano. Hayo yanatokea usiku wa Julai, wakati ukungu wa msitu wa Magamba umeshuka na chumba kimepoa. Asubuhi samaki wamejikunyata sakafuni mwa tangi, na lawama zinakwenda kwenye chakula au kwa muuza samaki. Giza haliui samaki. Mimea ya tangi nayo hustahimili siku moja au mbili bila taa. Kinachoua ni baridi na kukosa hewa.

Kuna dalili nyingine inayotisha zaidi: baadhi ya taa nyumbani au kwa jirani zinang'aa kupita kawaida huku nyingine zikififia. Hiyo huonyesha kwamba waya wa nyutro umelegea au umekatika mahali fulani. Katika laini ya fezi tatu, nyumba inaweza kupokea volti zinazokaribia 400. Zima meni swichi mara moja na uwaite TANESCO, shirika la umeme. Asipande mtu kwenye nguzo.

Umeme ukiwa mzuri saa zote, basi tafuta ndani. Chomoa plagi, kisha ijaribu taa kwenye soketi nyingine. Ikigoma, tazama fyuzi ya plagi. Nyingi huja na fyuzi ya ampia 13, wakati taa ya wati 20 haitumii hata ampia 0.1; fyuzi ya ampia 3 inatosha na inaulinda vyema zaidi waya mwembamba. Halafu adapta: ikiwa imeandikwa volti 12, multimita ionyeshe karibu 12. Testa ya bisibisi haitoshi hapa wala kwenye soketi, maana inakuambia umeme upo, haikuambii ni volti ngapi. Mwisho fungua vishikizo vya taa chini ya kifuniko. Mvuke wa tangi lenye joto katika chumba cha baridi hugeuka matone hapo hapo, na shaba huota kutu ya kijani. Safisha, kausha, funga upya kwa mpira unaozuia maji.

Waya wa kila kifaa uninginie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia kwenye plagi, ili tone linaloufuata lianguke sakafuni. Mwombe fundi afunge breka inayokata umeme ukivuja miliampia 30, na apime waya wa ardhi. Udongo ukikauka kiangazi, ardhi iliyofungwa vibaya haifai kitu.

Kabla ya kununua taa nyingine, fundi apime volti za soketi yako saa mbili usiku na tena alfajiri, uziandike namba zote mbili. Zikiachana sana, zipeleke TANESCO wewe na majirani wa laini yako kwa pamoja. Na usitie mkono ndani ya tangi, hata kwa kumwokoa samaki, kabla ya kuchomoa kila kifaa kilichomo.