Reli ya Mpanda imefikisha miaka 75, mtoto aambiwe nini?

MTOTO anayekulia Mpanda huijua honi ya treni kabla hajajua kusoma saa. Muulize treni hiyo ilianza kuja kufuata nini, atakutajia anavyoviona kituoni: abiria, magunia ya mpunga, mahindi.

Jibu hilo ni la leo. Reli yenyewe ilijengwa kwa sababu nyingine. Ilifuata risasi, si ile ya bunduki, bali madini mazito ya kijivu yaliyokuwa ardhini katika eneo hilo.

Njia hiyo ya kutoka Kaliua, mkoani Tabora, hadi Mpanda ina urefu wa kilomita 210. Ilifunguliwa mwaka 1950, enzi za Waingereza, na mwaka 2025 ilifikisha miaka 75. Aliyeiona treni ya kwanza akiwa na miaka saba sasa amevuka 80. Wazee hao wakiondoka bila kuulizwa, wanaondoka na kumbukumbu zao.

Chuma bila kisa

Jijini Nairobi kuna Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Ndani yake yamo mabehewa na vichwa vya treni vya mvuke. Moja ya mabehewa hayo ndilo ambalo mwaka 1900, eneo la Kima, simba aliingia usiku na kumuua ofisa wa polisi, Charles Ryall. Bila kisa hicho, mtoto angelipita kama behewa jingine lolote.

Reli ya Mpanda nayo ina kisa chake. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati jijini Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, lakini Mpanda iliachwa pembeni. Ilisubiri zaidi ya miaka 30, hadi kampuni ya Uruwira ilipohitaji njia ya kusafirisha madini yake kwenda bandarini.

Karibu na Uhuru mgodi ulifungwa. Reli ikabaki, safari hii kwa ajili ya watu. Ikabeba wakulima, wanafunzi, wagonjwa na wafanyabiashara. Ikapita Katumba, makazi ya wakimbizi kutoka Burundi walioanza kupokewa mwaka 1972, ambao wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania.

Sehemu isiyosimuliwa

Maonyesho ya kuadhimisha reli huonyesha injini, picha na sare za wafanyakazi. Mara chache huzungumzia afya. Kwa familia za Katavi, ambako uchimbaji mdogo wa madini unaendelea, kisa cha reli hii hakikamiliki bila kueleza risasi ni nini.

Risasi ni sumu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama mwilini. Watoto wadogo wako hatarini zaidi, kwa sababu mwili wao unaweza kufyonza mara nne hadi tano ya kiasi ambacho mtu mzima angefyonza kutoka chanzo hicho hicho. Inaweza kudhuru ubongo, kupunguza uwezo wa kujifunza na kusababisha upungufu wa damu. Mara nyingi dalili hazionekani mapema. Kipimo cha damu ndicho kinachoonyesha.

Hii haina maana kwamba kila mtoto wa Mpanda ameathirika. Ina maana kwamba mzazi anaweza kujikinga kwa hatua ndogo:

• Anayefanya kazi machimboni au kwenye karakana ya betri avue nguo za kazi na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Nguo hizo zifuliwe peke yake.

• Watoto wasicheze kwenye mabaki ya machimbo, na wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

• Betri chakavu za magari zisivunjwe wala kuyeyushwa nyumbani.

• Mtoto apate vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu, kama maharage, mboga za majani, maziwa na dagaa. Lishe hiyo husaidia mwili kupunguza kiasi cha risasi unachofyonza.

Maonyesho ya sebuleni

Kuadhimisha reli hakuhitaji jengo. Mkalishe mtoto na babu au bibi. Tiketi ya zamani, picha iliyofifia au taa ya chemli iliyosafiri na familia inatosha kuanzisha mazungumzo. Mpe mtoto daftari achore njia kutoka Kaliua, avuke Mto Ugalla, apite Katumba hadi Mpanda. Kisha aulize: ulipanda treni mara ya kwanza ukienda wapi? Nani alikusindikiza? Mlikula nini njiani?

Akitaka kuiona treni, nenda naye kituoni umemshika mkono. Treni haiwezi kusimama ghafla, na reli si mahali pa kuchezea wala njia ya mkato ya kwenda shule.

Serikali ina mpango wa kujenga reli ya kisasa (SGR) kutoka Kaliua kupitia Mpanda hadi Bandari ya Karema, Ziwa Tanganyika. Itakapofika, watoto wa leo ndio watakaowasimulia wengine ile ya kwanza ilifuata nini. Waanze kuulizia sasa, wakati babu na bibi bado wapo.