Kompyuta Iliyokosa Alama za Kurejea: Sababu Zake na Dawa Yake

Katika skimu zetu siku hizi wako wakulima wenye kompyuta nyumbani. Humo huandika hesabu ya maziwa, malipo ya mbolea na barua za chama cha ushirika. Chombo hiki ni msaada mkubwa, lakini kama ng'ombe wa maziwa, chataka kutunzwa kabla hakijaugua.

Mimi mwenyewe nilifunzwa na hasara. Usiku wa kuamkia siku ya malipo ya maziwa, niliweka katika kompyuta yangu programu ya kuendeshea mashini ya kuchapa. Asubuhi ikawa yajizima kila baada ya dakika chache. Mweka hazina wa chama chetu akaja mlangoni, akasema, "Karani, wakulima wamekwisha fika. Niwaambie nini?" Nikamjibu, "Ngoja kidogo, mzee, nitairudisha ilivyokuwa juzi." Nikafungua mahali pa alama za kurejea, nikakuta hapana hata moja. Siku ile hapana mkulima aliyelipwa. Ilitubidi kuandika orodha yote upya kwa kalamu, tukifuata stakabadhi moja moja.

Alama ya kurejea ni kitu gani?

Kompyuta nyingi za nyumbani hutumia Windows. Tangu mwaka 2000, ilipotoka Windows Me, Windows imekuwa na kazi iitwayo System Restore. Kazi hii huweka kumbukumbu ya jinsi mitambo ya ndani ilivyokuwa siku fulani, yaani programu na mipango yake. Kumbukumbu hiyo ndiyo alama ya kurejea. Kompyuta ikiharibika kwa sababu ya programu mpya, waweza kuirudisha siku ile ilipokuwa nzima. Lakini fahamu vema: alama hizi hazihifadhi barua, picha wala hesabu zako.

Kwa nini alama hukosekana?

1. Ulinzi haukufunguliwa. Katika kompyuta nyingi za Windows 10 na Windows 11 kazi hii huja ikiwa imefungwa, na mwenyewe hana habari. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu yangu.

2. Ulinzi ulifungwa. Mtu akiufunga, alama zote za zamani hufutwa papo hapo. Kuufungua tena hakuzirudishi.

3. Nafasi ni ndogo. Alama hupewa sehemu yake katika diski. Sehemu hiyo ikijaa, alama ya zamani kabisa hutupwa ili mpya ipate mahali. Ikiwa nafasi ni finyu sana, hubaki moja tu, au hapana kabisa.

4. Diski ilisafishwa. Kazi ya kusafisha diski ina kitufe cha kufuta alama zote isipokuwa ya mwisho. Wengi hukibonyeza wakitafuta nafasi.

5. Windows ilibadilishwa kuwa toleo jipya. Baada ya badiliko kubwa la namna hiyo, alama za toleo la zamani hazibaki.

6. Muda umepita. Katika Windows 11 toleo la 24H2, tangu Juni 2025, alama hukaa muda usiozidi siku 60.

7. Virusi. Virusi vingine vinavyofunga mafaili ya mtu ili vidai fedha hufuta alama kwanza, mwenyewe asipate njia ya kurudi.

Pengine alama zipo ila hazionekani. Katika dirisha la kurejesha, tazama chini kama pana kisanduku cha "Show more restore points". Ukitie alama, na za zamani zitatokea.

Dawa yake

Fanya hivi, hatua kwa hatua:

1. Bonyeza kitufe cha Start, uandike maneno "Create a restore point", kisha ufungue jina litakalotokea.

2. Utaona orodha ya diski. Tazama ile iliyo na Windows, ambayo kwa kawaida ni C. Ikiwa mbele yake pameandikwa "Off", ulinzi umefungwa.

3. Ichague diski hiyo, ubonyeze "Configure", kisha uchague "Turn on system protection".

4. Sogeza kipimo cha nafasi kifike kama asilimia 5 hadi 10 ya diski. Bonyeza "OK".

5. Bonyeza "Create". Andika jina utakalolikumbuka, kwa mfano "Kabla ya programu mpya". Ngoja mpaka kompyuta ikuambie kwamba kazi imekwisha.

6. Sasa bonyeza "System Restore" utazame kama jina lako limo katika orodha. Ukiisha kuliona, funga dirisha bila kurejesha kitu.

Na kama kompyuta imekwisha haribika na alama hazipo? Usihangaike kuzitafuta, kwa maana zilizofutwa hazirudi kwa njia ya kawaida. Kwanza ondoa programu uliyoiweka mwisho. Isipofaa, iko kazi iitwayo "Reset this PC". Ukichagua "Keep my files", mafaili yako hubaki, ila programu ulizoongeza huondolewa, nawe utaziweka upya. Kabla ya hayo nakili mafaili yako mahali pengine, kwa tahadhari.

Neno la mwisho. Alama ya kurejea ni ya kuponya mashini, si ghala ya hesabu. Kila Ijumaa mimi hunakili orodha ya maziwa katika diski ndogo ya mfukoni, nikaichomoa na kuiweka sandukuni pamoja na stakabadhi. Nawe fanya vivyo hivyo. Na leo jioni, kabla hujaizima kompyuta yako, itazame kama ulinzi wake umefunguliwa. Ni kazi ya dakika tano, nayo yaweza kuwaokoa wakulima wenzako siku nzima ya kungoja malipo.