Fahamu: Njia ya kupanda Ligi Kuu kutoka Kasulu na Kibondo

Timu ya Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, huanzia ligi ya wilaya, kisha ya mkoa. Bingwa wa mkoa huenda Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ambako hutafutwa nafasi ya First League. Baada ya hapo ni Championship, ndipo Ligi Kuu ya Tanzania.

Timu mbili za juu za Championship hupanda moja kwa moja. Ya tatu na ya nne hucheza mchujo, na mshindi hukutana na timu ya Ligi Kuu kuwania nafasi ya kucheza ligi hiyo. Ndivyo Mashujaa ya Kigoma ilivyopanda mwaka 2023, kwa kuitoa Mbeya City. Ni mafanikio makubwa kwa mkoa mzima. Katika mchujo wa namna hiyo, penalti moja yenye utata huweza kuamua msimu, na ubishi juu ya mwamuzi huwa na msingi. Usajili nao huja na ubishi wake: kikosi kilichopanda daraja huhitaji wachezaji wazoefu, lakini vijana waliokipandisha hukosa namba.