Nafasi ya Homoni za Mimea katika Uzalishaji wa Metaboliti za Upili: Mfano wa Tishu za Catharanthus roseus

Mmea wa Catharanthus roseus, wenye asili ya Madagaska, ndio chanzo cha vinblastini na vinkristini, alkaloidi zinazotumika kutibu saratani ya tezi za limfu na saratani ya damu. Kwa kuwa majani yake huwa na kiasi kidogo mno cha alkaloidi hizo, ilitarajiwa kwamba seli zilizokuzwa maabara zingeweza kuzizalisha bila kutegemea shamba wala msimu. Matarajio hayo hayajatimia kikamilifu, na sehemu kubwa ya sababu inahusu homoni.

Mwaka 1957, Skoog na Miller walionesha kwamba uwiano wa oksini na sitokinini huamua mwelekeo wa ukuaji wa tishu. Oksini ikizidi, mizizi huchipua. Sitokinini ikizidi, machipukizi hutokea. Uwiano wa kati hudumisha kalasi, yaani fungu la seli zisizo na umbo maalumu. Ili kuchochea mgawanyiko wa seli, oksini sanisi iitwayo 2,4-D hutumiwa mara nyingi. Hata hivyo, katika seli za C. roseus, oksini hukandamiza jeni la kimeng'enya kinachobadili triptofani kuwa triptamini, ambayo ni malighafi ya alkaloidi hizo. Kwa hiyo, homoni inayoongeza wingi wa seli hupunguza kile kinachotafutwa ndani yake.

Seli zinapohamishiwa katika lishe isiyo na 2,4-D, alkaloidi kama ajmalisini huongezeka, na sitokinini huzidisha ongezeko hilo. Methili jasmonati, homoni inayohusiana na kinga ya mmea, huamsha protini ya ORCA3, ambayo nayo huwasha jeni kadhaa za usanisi huo.

Mvutano huu hauko katika mmea huo pekee. Katika kalasi ya Lithospermum erythrorhizon, 2,4-D huzuia rangi nyekundu ya shikonini. Uzalishaji wa kibiashara wa shikonini nchini Japani katika miaka ya 1980 uligawanywa katika hatua mbili: lishe ya kwanza ilikuza seli, na ya pili ilizifanya zizalishe.

Njia hiyo ina mpaka wake. Vinblastini huundwa kwa kuunganishwa kwa katharanthini na vindolini, na hatua za mwisho za usanisi wa vindolini hufanyika katika seli maalumu za majani. Kalasi haina seli hizo; machipukizi yaliyokuzwa maabara huweza kuwa nazo.

Hivyo basi, kurekebisha homoni kwa lengo la kuongeza kiasi cha alkaloidi hakutoshi. Homoni hizo zinapaswa pia kuchaguliwa kwa kuzingatia aina ya seli zinazojenga, kwa maana kemikali ya upili haitenganishwi na kiungo kinachoizalisha.