"Unalipwa Mshahara, Ovataimu ya Nini?"

Jibu hilo si geni kwa wafanyakazi wengi wa Kisumu, na limewanyamazisha bure.

Katika mazungumzo yetu, ujira ni wa kutwa au wa wiki, kama ule wa kijana anayepakua mizigo soko la Kibuye. Mshahara husubiri mwisho wa mwezi. Lakini Sheria ya Uajiri ya 2007 haiwatengi. Mfanyakazi ni yeyote aliyeajiriwa kwa ujira au kwa mshahara.

Tuseme bawabu wa usiku ameajiriwa na mwenye ploti huko Kondele kwa shilingi 18,000 kwa mwezi, mbali na marupurupu ya nyumba. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, siku sita kwa wiki. Hizo ni saa 72. Kanuni za jumla zinaweka saa 60 kwa wiki kwa kazi ya usiku (mchana ni 52), kwa hivyo saa 12 ni za ziada. Gawanya mshahara kwa 225, upate shilingi 80 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani shilingi 120. Kila wiki anadai shilingi 1,440. Siku ya mapumziko au sikukuu, malipo ni maradufu. Hiyo ni karo ya mtoto, msomaji!

Wengi hukwama kwenye ushahidi. Mahakama ya Uajiri na Leba, ambayo ina kituo Kisumu, hutaka kuonyeshwa saa zenyewe, na madai yasiyowasilishwa kwa miaka 3 hufa. Bawabu wetu na aanze na daftari dogo: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka.