Jumapili ya Mfanyakazi na Maji ya Ziwa



Mji wetu wa Bujumbura uko katika bonde la Imbo, sehemu iliyo chini kuliko zote katika Burundi na yenye joto kuliko zote. Wenzetu wa mashamba ya chai kule Teza na Rwegura hutafuta blanketi la pili usiku. Sisi wa Ngagara tunatafuta upepo. Mwezi wa Septemba, kabla mvua hazijashika, bati la nyumba huwaka kama kikaango. Aliyeshinda karibu na tanuru au mashine ya kufuma anarudi nyumbani akiwa amepikwa mara mbili.

Ngagara, ambayo wengi bado huiita OCAF, ilijengwa wakati wa Wabelgiji, mji ulipoitwa Usumbura. Jina hilo ni kifupi cha Office des Cités Africaines, shirika lililojenga nyumba zake. Baadaye likaja kwetu jengo kubwa la nguo la COTEBU, lililojengwa kwa msaada wa China, ambalo siku hizi ni Afritextile. Basi wakubwa walifikiri mfanyakazi atalala wapi na atafanya kazi wapi. Atajipoza wapi, hilo halikuandikwa katika ramani yoyote.

Miji mingine ina bustani za michezo ya maji. Kule Kunduchi, Dar es Salaam, yalijengwa mabwawa yenye mitelezo mirefu, watoto wanashuka mbio hadi majini. Kwetu yapo mabwawa ya kuogelea ya hoteli na klabu, lakini mlango wake unamjua mwenye fedha. Baba wa watoto watano akilipa viingilio, Jumatatu atakula nini?

Lakini sisi tumepewa bwawa ambalo hakuna tajiri awezaye kulichimba. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na duniani kote linashindwa na Baikal la Urusi tu. Nchi nne zinaligawana: Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia. Kutoka Ngagara mtu anafika kwa baiskeli, akishika njia ya Gatumba mpaka Saga Plage. Jumapili utaona huko vijana wanacheza mpira mchangani, akina mama wanachoma mukeke, na watoto hawataki kutoka majini.

Hata hivyo, tusidanganyane. Ziwa lina wenyewe. Kiboko hutoka jioni kula majani, na anayesimama kati yake na maji amejitafutia kifo. Mamba wako, hasa upande wa mdomo wa mto Rusizi. Yule mkubwa aliyepewa jina la Gustave na Mfaransa Patrice Faye, dunia nzima ilimjua kwa filamu ya mwaka 2004. Alikadiriwa kuwa na urefu wa mita 6 hivi, ingawa hakuna aliyefaulu kumkamata ampime. Kipindupindu nacho kilitangazwa mjini kwetu Januari 2023. Na penye maji yaliyotulia na majani, konokono wa kichocho hukaa.

Kwa hiyo sisi tunaoandaa safari za wafanyakazi tumejiwekea utaratibu. Tunakwenda asubuhi na kuondoka kabla jua halijashuka. Tunaoga penye watu wengi na mchanga mweupe, mbali na mdomo wa mto na mifereji ya mji. Watu wazima wawili hawaingii majini kabisa. Kazi yao ni kuhesabu watoto. Wana kamba iliyofungwa kwenye bidoni tupu lililofungwa kifuniko barabara, maana bidoni huelea na aliyezidiwa atalishika. Maji ya kunywa tunabeba kutoka nyumbani. Siku za kiangazi upepo wa kusini ukianza kuinua mawimbi, tunaita watoto wote nje bila mjadala. Na aliyekunywa pombe anabaki mchangani.

Lakini hatari tunayotaka kuisema zaidi siyo ya mamba. Ni ya ukuta. Sheria ya maji ya mwaka 2012 iliweka mita 150 kutoka ziwani kuwa eneo la kulindwa, lisilojengwa. Tembea ukingoni uhesabu mwenyewe kuta na malango. Ziwa lilipopanda sana mwaka 2021 na tena 2024, maji yaliingia katika majengo hayo bila kubisha hodi, likatukumbusha wote mpaka wake. Masikini wa Gatumba nao walipoteza nyumba, na hao hawakujenga kwa ajili ya starehe.

Kuta nyingine ni za saa. Katika kiwanda kimoja tulichotembelea, wenzetu walikuwa wanafanya kazi wiki tatu bila siku ya kupumzika. Msimamizi akatuuliza: «Hao mkiwapa Jumapili, wataifanyia nini?» Tulimjibu kwamba Mkataba namba 14 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1921, unasema saa 24 mfululizo za kupumzika katika kila siku saba. Haumwulizi mfanyakazi atazifanyia nini. Wafaransa walipogoma mwaka 1936 walipata likizo ya wiki mbili yenye malipo, na wengi wao wakaiona bahari kwa mara ya kwanza. Hawakuipewa kwa huruma.

Kwa hiyo, ndugu, tunadai mambo matatu. Siku ya kupumzika iheshimiwe kila kiwanda na kila shamba. Ukingo wa ziwa ubaki wazi kwa mwananchi asiye na kiingilio. Na pale watu wanapooga pawekwe choo, maji safi na mlinzi anayejua kuogelea.

Kila tawi lijadili mambo haya katika mkutano wake ujao na kuandika majina ya walionyimwa siku yao ya wiki. Mpelekeeni karatasi hiyo mjumbe wenu. Jasho letu linajenga mji huu. Na maji ya kulioshea jasho hilo yasifungiwe mlango.