Kamasi za mtoto mmoja zaweza kuionya dunia

Je, msomaji, ukifika hospitalini ukiwa na homa na kikohozi, kisha mhudumu akuombe ruhusa ya kukupitishia kijiti cha pamba puani, utakubali? Wengi husitasita. Huona ni usumbufu bure, kwani walichofuata ni dawa ya kikohozi tu. Lakini kijiti hicho ndicho jicho ambalo taifa hutumia kuona jinsi maradhi ya kupumua yanavyoenea.

Virusi vya homa ya mafua havina subira. Aliyeambukizwa huweza kuwaambukiza wenzake takriban siku moja kabla ya yeye mwenyewe kuhisi dalili. Isitoshe, homa ya mafua, Korona na virusi vya RSV, ambavyo huwasumbua mno watoto wachanga, huleta dalili zinazofanana. Hata daktari mzoefu hawezi kuvitenganisha kwa kumtazama mgonjwa. Kazi hiyo ni ya maabara.

Kisa cha Hong Kong

Mnamo Mei 1997, mvulana wa miaka mitatu alifariki hospitalini huko Hong Kong. Madaktari walikuwa wamechukua majimaji kutoka kwenye njia yake ya hewa. Maabara ikaona kwamba ni virusi vya homa ya mafua, lakini ikashindwa kujua ni vya aina gani. Sampuli zikapelekwa ng'ambo, zikiwemo maabara za Marekani, Uingereza na Uholanzi. Jibu lilipatikana Agosti: vilikuwa virusi vya H5N1, mafua ya ndege ambayo hadi wakati huo hayakuwa yamejulikana kumwambukiza binadamu.

Kwa hivyo wagonjwa wengine walipotokea kuanzia Novemba, wakuu wa afya walijua wanapambana na nini. Kwa jumla watu 18 waliugua na sita wakafariki. Mwishoni mwa Desemba serikali iliamuru kuku wote wachinjwe, zaidi ya milioni moja. Mkurupuko huo ukakoma. Je, hali ingekuwaje iwapo sampuli za mtoto yule zingetupwa kwa kudhaniwa kuwa za mafua ya kawaida?

Jinsi kazi inavyofanywa

Hakuna nchi inayoweza kumpima kila anayekohoa. Badala yake, huchaguliwa hospitali chache katika sehemu mbalimbali ili ziwe walinzi wa taifa zima. Kenya ilianza mpango wa aina hii mwaka wa 2007 kwa hospitali 11. Kila aliyelazwa kwa maradhi makali ya kupumua alistahili kupimwa. Miongoni mwa waliotibiwa na kurudi nyumbani, walipimwa watatu wa kwanza wa kila siku waliokuwa na dalili za homa ya mafua.

Mpango kama huu huwawezesha wataalamu kuhesabu: kati ya sampuli zote za juma, ni ngapi zilizo na virusi, na ni virusi gani? Idadi ikipanda ghafla kuliko miaka iliyotangulia, kengele hulia. Tangu mwaka wa 2020, nchi nyingi pia zimekuwa zikipima maji taka, kwani virusi vya Korona hutoka chooni hata kwa mtu ambaye hajafika hospitalini.

Hesabu za namna hii zimetuonyesha kwamba hapa Kenya homa ya mafua huweza kupatikana mwaka mzima, tofauti na Ulaya ambako huja hasa wakati wa baridi kali.

Chanjo hutokana na sampuli

Tangu mwaka wa 1952, Shirika la Afya Duniani (WHO) limeendesha mtandao wa maabara za homa ya mafua, ambao sasa umefika nchi zaidi ya 120. Baadhi ya virusi vinavyopatikana hupelekwa katika maabara kubwa kama zile za Atlanta, London, Melbourne na Tokyo. Kwa kuwa virusi hivi hubadilika kila mara, wataalamu hukutana mara mbili kwa mwaka kupendekeza chanjo: Februari kwa nchi za kaskazini mwa dunia, na Septemba kwa zile za kusini. Nchi isiyopeleka sampuli huweza kuletewa chanjo iliyochaguliwa bila virusi vyake kuangaliwa.

Wewe ufanye nini?

Ukiombwa sampuli, uliza itatumiwa vipi, kisha ukiridhika ukubali. Kijiti huchukua sekunde chache tu na hakikuzuii kupewa matibabu. Usingoje juma zima, maana virusi huonekana kwa urahisi zaidi katika siku za mwanzo. Mweleze daktari ukweli iwapo umesafiri karibuni, au kama kuku wako wamekuwa wakifa ovyo. Na mtoto akipumua kwa kasi, au kifua chake kikibonyea ndani anapovuta pumzi, mkimbize hospitalini mara moja.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Walimkusudia mtu binafsi, lakini hata taifa lisilojipima huficha maradhi bila kujua.